Kilemba, Notisi na Amana: Historia ya Upangaji wa Nyumba katika Miji ya Afrika Mashariki

Neno kodi katika Kiswahili lina kazi mbili. Ni fedha inayodaiwa na serikali, na ni fedha inayodaiwa na mwenye nyumba. Wajerumani walipotangaza kodi ya vibanda mwaka 1897, kila nyumba katika koloni lao la Afrika Mashariki iliingia katika hesabu, na kiwango cha kawaida mashambani kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia hizo zilipaswa kulipwa, na kwa aliyekuwa na kibanda karibu na mji, chumba cha ziada kilikuwa njia mojawapo ya kuzipata. Kodi ya mpangaji ikalipa kodi ya mwenye nyumba.

Lakini fedha inayotolewa mlangoni, kabla mpangaji hajaweka hata kitanda, ina majina mengi zaidi, na kila jina linabeba sharti lake. Arubuni ni malipo ya kutilia nguvu maneno: aliyeitoa akigeuka, ameipoteza. Rahani ni mali iliyoshikwa kwa ajili ya deni, nayo hurudi deni likilipwa. Dhamana ni ahadi ya kubeba mzigo wa mwingine akishindwa. Amana ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na katika sheria ya Kiislamu iliyoongoza biashara za pwani kwa karne nyingi, aliyepewa amana hana ruhusa ya kuitumia kama yake. Kisha kuna kilemba, ambacho hakirudi kabisa. Ugomvi mwingi kati ya wapangaji na wenye nyumba umetokana na jambo hili: fedha ileile moja, anayeitoa anaiita amana na anayeipokea anaihesabu kama kilemba.

Upangaji wa zamani zaidi ulioleta mvutano mkubwa katika pwani haukuwa wa vyumba. Ulikuwa wa viwanja. Unguja na Mombasa lilikuwapo, na Mombasa lingalipo, jambo linalowashangaza wageni wa sheria za Kiingereza: nyumba kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake kuwa ya mtu mwingine. Mjenzi alikuja na miti, fito, udongo na makuti, akajenga kwa idhini ya mwenye ardhi. Nyumba ilikuwa yake kabisa. Aliweza kuiuza, kuirithisha na kuipangisha. Kiwanja kilibaki cha tajiri au cha wakfu, na malipo yake, pale yalipokuwapo, yalikuwa madogo, mara nyingine ya heshima zaidi kuliko ya faida. Mpangilio huo ulisimama juu ya ujirani na utegemezi wa watu wa tabaka mbalimbali, wengi wao wakiwa watumwa walioachwa huru na watoto wao, waliojenga kando ya mabwana wa zamani.

Ng'ambo ya Unguja, upande wa pili wa mkondo uliotenganisha mji wa mawe na mji wa udongo, mpangilio huo ulivunjika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ardhi ilipanda thamani, wenye viwanja wakaanza kudai kodi ya kweli, na waliochelewa kulipa wakaburutwa mahakamani. Kwa mwenye nyumba ya udongo, kushindwa kulipa kiwanja kulimaanisha kupoteza pia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mwaka 1928, mwaka uleule ambao Siti binti Saad, mkazi wa Ng'ambo, alirekodi santuri zake za kwanza huko Bombay, majirani zake waligoma kwa pamoja kulipa kodi za viwanja. Mgomo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ya kikoloni haikuweza kuupuuza, ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo. Ni miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki zilizomlinda anayelipa kodi dhidi ya anayeipokea, na ililetwa na watu wa kawaida waliokataa kulipa.

Mombasa mambo yalikwenda njia nyingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani waje kuyaandikisha. Waliokuwa na vyeo, elimu ya ofisi na mashahidi walipata hati. Wengi wengine walijikuta wageni katika ardhi waliyoizoea. Mitaa kama Majengo ilijaa nyumba za Kiswahili zilizosimama juu ya viwanja vya wengine. Mwenye nyumba hizo alikuwa na sura mbili kwa wakati mmoja. Kwa aliyelala chumbani alikuwa mwenye nyumba. Kwa mwenye ardhi alikuwa mpangaji wa kuondolewa wakati wowote kwa notisi. Tabaka hizi za kodi juu ya kodi zinaeleza kwa nini mwenye nyumba wa Mombasa hakuwa na subira na mpangaji aliyechelewa: naye alikuwa akingojewa.

Nyumba yenyewe, ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili, inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha watu wa bara namna ya kuishi mjini. Mbele kuna baraza. Mlango unafungua ujia mrefu unaokata nyumba katikati, na kila upande vyumba vitatu, jumla sita. Nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Umbo hilo liliifaa familia kubwa, na bila kubadilisha hata ukuta mmoja liliwafaa pia wapangaji watano na mwenye nyumba mmoja. Lilisambaa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza. Lilifika pia Pumwani, mtaa wa Waafrika uliotengwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Kule Nairobi, katika vijiji vya zamani kama Pangani na baadaye Pumwani, wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake. Walikuja mjini peke yao, wakafanya kazi za kila namna, wakajenga. Kodi ya vyumba ndiyo iliyowapa uzee wenye heshima. Serikali ya kikoloni iliibomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuwahamishia watu Shauri Moyo, lakini haki waliyopewa huko haikuwa ile ya kujenga, kuuza na kurithisha waliyokuwa nayo mwanzo.

Katika nyumba ya vyumba sita hapakuwa na mkataba wa maandishi, wala amana. Hapakuwa na haja. Mpangaji aliletwa na mtu: ndugu, mtu wa kwao, mfanyakazi mwenzake. Aliyemleta ndiye aliyekuwa dhamana, na jina lake lilishikwa mpaka mgeni atakapohama. Kodi ililipwa mwisho wa mwezi, mshahara ulipotoka. Mwenye nyumba aliishi katika chumba cha mbele, akijua nani ameugua, nani amefukuzwa kazi na nani amepata mtoto. Notisi ilitolewa kwa mdomo, mara nyingi mbele ya mzee wa mtaa au jirani mmoja, na kipimo chake kilikuwa mwezi: maliza mwezi huu, mwezi ujao utafute pengine. Aliyehama naye aliaga kabla ya mwezi kuisha ili chumba kisikae bure. Utaratibu huu haukuandikwa popote, lakini kanuni ya mwezi mmoja, ambayo baadaye iliingia katika vitabu vya sheria kwa lugha nzito, tayari ilikuwa inafahamika katika kila ua wa Kariakoo.

Haukuwa utaratibu wa kimalaika. Aliyekosana na mwenye nyumba alitolewa vyombo nje, na hakuwa na pa kulalamika. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo miji ya sasa imelipoteza: pande zote mbili zilionana kila asubuhi, na hakuna aliyeweza kutoweka.

Kulikuwa na aina nyingine ya makazi ambamo notisi haikutoka kwa mwenye nyumba hata kidogo. Reli, bandari, manispaa na makampuni makubwa yaliwajengea wafanyakazi wao vyumba, mara nyingi vya kulala wanaume tu, kitanda kwa kitanda. Nyumba ilifungwa katika ajira. Aliyeachishwa kazi Ijumaa alikuwa amepoteza pia mahali pa kulala. Kwa mamlaka za kikoloni huo haukuwa upungufu bali ndio uliokuwa mpango wenyewe: Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa muda mjini, aliyestahili kurudi kijijini kazi ilipokwisha.

Wafanyakazi wa Mombasa ndio walioutikisa mpango huo. Katika mgomo wa mwaka 1939 kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai makuu, na baadhi ya waajiri walikubali kulipa fedha ya nyumba juu ya mshahara. Mgomo mkubwa zaidi wa Januari 1947, ulioleta jina la Chege Kibachia na shirikisho lake la wafanyakazi Waafrika, uliendeleza shinikizo hilo la gharama za maisha mjini. Alama yake bado ipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au amlipe fedha ya kutosha kulipia kodi. Mkenya anayeona marupurupu ya nyumba katika hati yake ya mshahara anaona matunda ya madai yaliyotolewa bandarini kabla ya Vita vya Pili.

Vita vya Pili ndivyo vilivyoleta sheria za kudhibiti kodi za nyumba katika Afrika Mashariki, na chanzo chake kiko mbali na Bahari ya Hindi. Mwaka 1915, katika mji wa Glasgow huko Scotland, wenye nyumba walipandisha kodi wakati wanaume wengi walikuwa vitani na viwanda vya meli vilikuwa vimewavuta maelfu ya wafanyakazi. Wanawake wa mitaa kama Govan, Mary Barbour akiwa mbele yao, waligoma kulipa nyongeza na kuwazuia kwa miili yao maofisa waliokuja kuwafukuza wapangaji. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria iliyorudisha kodi za nyumba za watu wa kawaida katika kiwango cha Agosti 1914. Sheria hiyo ilikuwa ya muda wa vita, lakini haikuondoka kirahisi, na jina lake refu lenye kutaja nyongeza ya kodi na riba ya rehani likasafiri hadi makoloni. Kenya ilipata sheria ya jina karibu lilelile mwaka 1940. Tanganyika na Zanzibar nazo ziliingia katika mkondo huo wa kudhibiti kodi.

Msingi wa sheria hizi ulikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ilikuwa kodi ya kiwango: nyumba ilipewa kodi yake kisheria, na kudai zaidi kukawa kosa. Ya pili, ambayo wapangaji wengi hawakuijua, ilikuwa na uzito zaidi. Notisi pekee haikutosha tena kumtoa mtu. Mwenye nyumba alipaswa kwenda mbele ya chombo cha sheria na kuonyesha sababu iliyotajwa: kodi haikulipwa, mpangaji ameharibu nyumba au amewasumbua majirani, amempangisha mwingine bila idhini, au mwenye nyumba anaihitaji kwa makazi yake mwenyewe. Bila sababu, mpangaji alibaki, hata kama notisi ilikuwa imeandikwa vizuri namna gani.

Hapa ndipo kilemba kilipostawi. Nyumba yenye kodi iliyofungwa chini ya thamani yake, na ambayo aliyeingia hawezi kutolewa, ilikuwa mali adimu. Mtu alikuwa tayari kutoa fedha nyingi ili aipate tu, na fedha hiyo ilipitia mkono wa mwenye nyumba, au wa mpangaji anayehama, au wa karani. Sheria zilikataza. Watu walilipa usiku, bila stakabadhi. Neno lenyewe lina historia nzuri kuliko matumizi haya: kilemba ni malipo ya heshima, kama ile zawadi apewayo fundi na mwanafunzi anapohitimu. Katika biashara ya nyumba na maduka likageuka kuwa bei ya kuingia. Huko Bombay malipo ya namna hiyohiyo, yaliyokua chini ya sheria za kodi za namna hiyohiyo, yanaitwa pagdi, yaani kilemba. Kwa jinsi wafanyabiashara wa Kihindi walivyoshika majengo ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ni vigumu kuamini kwamba kufanana huko ni bahati tu.

Somo la kilemba ni muhimu kwa yote yaliyofuata. Fedha ya mlangoni haitoweki sheria ikiikataza, hubadilisha jina. Na ukubwa wake hupima hofu ya pande mbili, hofu ya mpangaji kukosa nyumba na hofu ya mwenye nyumba kutolipwa.

Baada ya uhuru Tanganyika ilikwenda mbali zaidi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka uliofuata umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, na hati zote zikawa za kukodishwa na serikali. Kisha ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo ya 1971. Nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo wenyewe hawakuwa wakiishi peke yao zilichukuliwa na serikali. Jengo lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipwa fidia, kwa hoja kwamba kodi ilikwisha kurudisha gharama. Wenye majengo hayo walikuwa hasa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao walifunga safari za kuondoka nchini baada ya pigo hilo. Wapangaji, kwa upande wao, waliamka wakiwa na mwenye nyumba mpya: Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo ilisimamia maghorofa ya katikati ya miji mpaka mwaka 1990, ilipounganishwa na Shirika la Nyumba.

Mpangaji wa Msajili alikuwa na ulinzi ambao hakuna mpangaji wa kabla au baada yake aliyewahi kuupata. Kodi ilikuwa ndogo, notisi nadra, na nyumba ilipita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto. Gharama yake ilionekana kwenye kuta: majengo yasiyoingiza kodi ya kutosha hayakupakwa rangi, lifti zilikufa, mabomba yakavuja. Na kilemba kilirudi, safari hii kwa kuuziana haki ya upangaji ambayo kisheria haikuwa bidhaa.

Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya 1984 iliweka mabaraza ya nyumba ili mpangaji na mwenye nyumba wasikilizwe karibu na kwao. Ilidumu miaka 21. Upepo wa soko huria ulikuwa umeshaanza kuvuma, na mwaka 2005 Bunge liliifuta kupitia sheria ya marekebisho mbalimbali, bila kuleta nyingine ya namna yake. Migogoro ikabaki kwa mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, yaliyoundwa na sheria ya 2002, na masharti ya upangaji yakaachiwa Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wa watu wawili.

Pengo hilo lilizibwa na fedha. Mtaani Sinza, Tabata au Mbagala, mwenye nyumba alianza kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mara nyingi ya mwaka mzima. Dalali akaongeza ujira wake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Mwalimu au mhudumu wa hospitali anayepokea mshahara kila mwezi analazimika kuwa na fedha ya nusu mwaka siku ya kuingia, na miezi sita ikiisha anaitafuta tena. Wabunge wamelipigia kelele jambo hili mara kadhaa mjini Dodoma. Kodi ya miezi sita si amana wala si kilemba, ila hufanya kazi ya vyote viwili: humhakikishia mwenye nyumba malipo, na humfunga mpangaji. Anayehamishwa kikazi mwezi wa pili huachia miezi minne kwa mtu asiye na haraka ya kuirudisha.

Kenya ilichukua barabara nyingine kutoka njia panda ileile. Sheria yake ya Kudhibiti Kodi ya 1959 haikufutwa. Ilibaki, na baraza lake likabaki, lakini inazilinda nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kilipowekwa. Kadiri shilingi ilivyopungua nguvu, nyumba ziliteleza moja baada ya nyingine nje ya ulinzi bila Bunge kupiga kura yoyote. Hiyo ni njia ya kimyakimya ya kufuta sheria, na pengine ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mpangaji anaamini bado ipo. Wenye maduka na mahoteli walipata bahati bora. Sheria yao ya 1965 inasema notisi ya mwenye jengo haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi miwili tangu ilipopokelewa, na mpangaji asiyekubali anaweza kulipeleka shauri mbele ya baraza la majengo ya biashara.

Kwa nyumba za kuishi za Nairobi, Nakuru na Kisumu, kilichojaza pengo ni amana, ambayo Wakenya huiita depositi: kodi ya mwezi mmoja, mara nyingine miwili, pamoja na kitu cha maji na cha umeme. Kodi yenyewe ikaendelea kulipwa kila mwezi. Kwa mtu wa mshahara mdogo mpango huu ni mwepesi kuliko ule wa Dar es Salaam, na hilo ni lazima likubaliwe. Ubaya wake uko mwishoni. Mwenye nyumba haishi tena katika chumba cha mbele. Mpangaji humjua mlinzi wa nyumba tu, na siku ya kuhama ndipo anapoambiwa kwamba fedha imekwenda kwenye rangi ya ukuta, kitasa, na usafi.

Wapangaji walijibu kwa njia yao. Wengi hawalipi mwezi wa mwisho. Wanaiacha amana iliwe na kodi. Wenye nyumba nao wakajibu kwa kuandika katika mikataba kwamba amana si kodi. Wengine, mpangaji akichelewa, hung'oa mlango au kuvua mabati ili mtu aondoke mwenyewe. Kitendo hicho hakina sheria inayokiunga mkono. Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, yenye asili ya Kiingereza, inaruhusu kukamata vyombo kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kumlaza mtu bila mlango. Muswada wa mwaka 2021 ulikusudia kuziweka sheria hizi tatu za upangaji katika kitabu kimoja. Uganda ilitangulia kupata sheria kamili, ile ya 2022, ambayo pamoja na mambo mengine iliweka ukomo wa asilimia 10 kwa nyongeza ya kodi ya mwaka.

Kuhusu notisi, sheria za nchi mbili kubwa za Kiswahili zinafanana. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zinatambua upangaji wa kipindi hata pasipo karatasi: aliyeingia na kulipa kodi ya mwezi, kodi yake ikapokelewa, ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Kumwondoa, au yeye kuondoka, kunahitaji notisi isiyopungua kipindi hicho, na notisi hiyo sharti iishie siku ya kulipa kodi. Sharti hili la pili ndilo linalowaponza wengi. Mwenye kulipa kodi kila tarehe 1, akitoa notisi tarehe 10 Machi, hawezi kuondoka tarehe 31 Machi bila kudaiwa. Mwezi wake kamili unafika 10 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni 1 Mei. Angeandika tarehe 28 Februari, angekuwa huru tarehe 1 Aprili. Mkataba unaweza kuweka muda mwingine, na ukiweka ndio utakaofuatwa. Mkataba wa muda maalumu, kama wa miezi sita, hufika mwisho wake bila notisi. Lakini mpangaji akibaki na kodi yake ikaendelea kupokelewa, anaingia tena katika upangaji wa kipindi pamoja na haki zake za notisi.

Amana haikupata ufafanuzi kama huo. Hakuna daftari la serikali inamoandikwa, wala mtu wa tatu anayeishika. Kinacholinda fedha hiyo ni mkataba na ushahidi. Kanuni inayokubalika mahakamani ni kwamba mwenye nyumba hukata kodi isiyolipwa na gharama ya uharibifu, na kwamba uchakavu wa kawaida, rangi iliyofifia kwa jua au sakafu iliyochakaa kwa miguu ya watu, si uharibifu. Kodi ya kila mwezi ilikwisha kuulipia uchakavu huo. Anayedai kukata ndiye anayepaswa kuonyesha alichokikuta na alichokitengeneza.

Nchi nyingine zilikuta tatizo hilihili zikalitafutia dawa. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianzisha mwaka 1977 bodi ya kushika amana za wapangaji, ili fedha isikae kwa mwenye nyumba. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2007 huko England na Wales, ilimlazimisha mwenye nyumba kuiweka amana chini ya mpango uliothibitishwa, ambao pia husuluhisha mgogoro bila mahakama. Asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji hadi mara tatu ya amana yenyewe. Mswahili aliyepanga London, Leicester au Reading ana ulinzi huo. Ndugu yake wa Kayole au Temeke hana.

Mpaka ulinzi huo utakapowafikia nao, kazi inabaki kwa mpangaji siku ya kwanza kabisa, wakati fedha bado iko mfukoni mwake. Stakabadhi itenganishe kodi na amana, na iandike neno amana kwa jina lake. Chumba kipigwe picha kikiwa kitupu, na orodha ya vitasa, vioo, mabomba na mita isainiwe na wote wawili. Notisi iandikwe, itiwe tarehe, na nakala yake isainiwe na aliyeipokea. Siku ya kurudisha ufunguo, orodha ileile isomwe tena ndani ya chumba kilekile, mbele ya mjumbe au jirani, kabla gari la mizigo halijaondoka.